Watu wa Pwani Katika Theluji ya Kibo

Siku ya kwanza: Mombasa, Voi, Taveta, Marangu

Tulitoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri, gari limejaa mabegi mpaka dirishani. Tulikuwa wanne: mimi, kakangu anayefanya kazi bandarini, mwanawe aliye mwaka wa pili chuo kikuu, na shoga yangu ambaye ni muuguzi. Wote tumezaliwa kisiwani na kukulia kwenye joto lake. Safari ilikuwa ya Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na mwezi tuliuchagua kwa makusudi. Watu wengi hushauri Januari na Februari kwa kuwa ni miezi mikavu na anga huwa safi. Sisi tulitaka Disemba, mvua za vuli zikiwa hazijakata, kwa sababu mvua inayonyesha Moshi huanguka kule juu ikiwa theluji, nasi theluji ndiyo tuliyoifuata.

Mazeras tulipita njia panda ya Rabai bila kusimama, lakini Rabai itarudi katika simulizi hii. Mackinnon Road tulishuka kwenye msikiti wa Sayyid Baghali tukaomba dua, kama afanyavyo kila msafiri wa pwani anayeipita barabara ile. Voi tukafungua kikapu: mahamri, mbaazi iliyoganda kidogo, na chai ya tangawizi kwenye chupa. Baada ya Mwatate mkonge ulitusindikiza kwa muda mrefu, kisha Maktau, kisha nyika ya Tsavo Magharibi, na ndovu wekundu kwa vumbi wamesimama mbali chini ya mgunga.

Kabla ya Taveta kuna kilima cha Salaita. Ukikipita usikione kilima cha kawaida. Februari 1916 majeshi ya Uingereza yalishindwa pale na majeshi ya Wajerumani, na reli ya kutoka Voi ilijengwa kwa ajili ya vita hivyo. Kakangu alitaka kusimama, sisi tukamhimiza aendelee kwa sababu ya mpaka. Kituo cha Taveta na Holili ni cha pamoja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia mahali pamoja. Pasi zetu zilikuwa sawa, vyeti vya homa ya manjano tulikuwa navyo, tukavuka bila usumbufu. Mlima wenyewe haukuonekana. Wingu zito lilikuwa limeukalia tangu asubuhi, na kutoka Himo kupanda Marangu tulikwenda ndani ya mvua, katikati ya vihamba vya Wachaga, migomba juu na kahawa chini, na maji yakikimbia kwenye mifongo iliyochimbwa na wazee wao.

Jioni mwongozaji wetu alikuja kukagua vifaa. Ni Mchaga wa Marangu hapo hapo, mtu mzima, sauti ya chini. Alitandaza kila kitu kitandani. Soksi za pamba alizitenga upande.

"Dada, hizi ziache hapa. Pamba ikinyonya jasho haikauki, na mguu uliolowa ndio unaogandia juu. Chukua sufu."

Tulikodi kwake majaketi mazito, glavu za tabaka mbili, tochi za kichwani, vitambaa vya kufunga kuanzia kwenye buti hadi magotini ili theluji isiingie, na minyororo yenye meno inayovishwa chini ya buti. Minyororo ile mpwa wangu aliijaribu pale pale sakafuni mpaka mwenye nyumba akamwomba aivue.

Siku ya pili: Lango la Marangu hadi Mandara

Langoni, karibu mita 1,900, ni makaratasi na mizani. Wagumu, yaani wapagazi wa mlima huu, walipanga foleni mizigo ipimwe, maana kanuni inataka mtu asibebe zaidi ya kilo 20. Sisi raia wa Afrika Mashariki tunalipa ada ndogo sana kulinganisha na wageni wa mbali, na hili nalisema kwa sauti kwa sababu nyumbani watu wengi wanaamini mlima huu ni wa wazungu wenye dola.

Msitu ulikuwa umelowa. Mbega walituangalia kutoka juu, mikia myeupe ikining'inia. Tulifika vibanda vya Mandara, mita 2,720, saa tisa alasiri, tukala bisi na chai, tukalala mapema.

Siku ya tatu: Mandara hadi Horombo

Msitu uliisha ghafla. Hatua chache na miti yote mirefu ikabaki nyuma, mbele vichaka vya maua makavu na ukungu. Mwongozaji alikuwa akitembea mbele kwa mwendo ambao Mombasa ungemfanya mtu akuulize kama unaumwa. Kila mpwa wangu alipojaribu kumpita, aliinua fimbo kumzuia, bila kugeuka.

"Kijana, mlima hauhami."

Karibu na Horombo tulianza kuona miti ya ajabu, minene, yenye sketi ya majani makavu yaliyonata kwenye shina. Mwongozaji alieleza kwamba majani yale hayadondoki kwa sababu ndiyo blanketi la mti. Mchana jua huchoma, usiku kila kitu huganda, na mti usiojifunika hufa. Kibanda chetu Horombo, mita 3,720, kilikuwa cha vitanda vya ghorofa. Maji ya kutawadha yaliniuma mikono mpaka kwenye mifupa. Shoga yangu alitubana vidole kwenye kile kipimo chake cha oksijeni. Mombasa wote tulikuwa asilimia 98. Hapa mimi nilikuwa 87, kakangu 86, mpwa wangu 84. Akayaandika kwenye daftari bila kusema neno, lakini ile 84 akaipigia mstari.

Siku ya nne: Horombo, siku ya kuzoea

Hii ni siku ambayo watu wenye haraka huikata ili kuokoa pesa. Nawasihi msiikate. Mwili wa mtu wa usawa wa bahari unahitaji muda wa kutengeneza namna mpya ya kupumua, na muda huo haununuliwi kwa nguvu wala kwa ujana. Tulipanda asubuhi hadi Miamba ya Pundamilia, karibu mita 4,000, ambapo maji yanayochuruzika yameuchora ukuta mzima wa jiwe mistari myeusi na myeupe, kisha tukashuka tena kulala chini.

Na pale juu ya miamba ndipo wingu lilipofunguka. Kibo, kilele kirefu kabisa cha Kilimanjaro, ilikuwa nyeupe. Siyo ile kofia ndogo tunayoiona kwenye picha siku hizi. Nyeupe kutoka ukingoni mwa shimo mpaka chini kabisa kwenye mteremko wa changarawe, jua limeipiga usoni, hata kuitazama bila miwani hatukuweza. Kakangu alisema "Subhanallah", akanyamaza, akasema tena.

Tulikaa pale muda mrefu, nami nikawahadithia habari ya Rabai. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akiishi Rabai, nje tu ya Mombasa, alikuwa njiani kwenda Uchagani alipoona kitu cheupe juu ya mlima huu. Kwanza alidhani ni wingu. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyekuwa akiijua njia ile, naye alimwambia kwamba ule weupe ni baridi. Rebmann akaelewa kuwa ni theluji, akaandika, na habari ikachapishwa Uingereza mwaka 1849. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Mabishano yaliendelea miaka, mpaka Baron Karl Klaus von der Decken alipopanda mwenyewe akapita mita 4,000 mwaka 1862, na theluji ikamwangukia.

Mimi hadithi hii huniuma mahali pamoja. Misafara ya pwani ilikuwa ikienda Uchagani na kurudi na pembe za ndovu kabla ya mmisionari yeyote kufika Rabai. Watu wale waliuona weupe huu kila safari, wakaujua kuwa ni baridi ya kuua, wakawaonya wageni wao. Ubishi wote ule wa London ungemalizwa kwa kumuuliza mtu mmoja wa Mombasa. Na hata leo ukitaja majina, utasikia la Rebmann kwanza na mara nyingi la Bwana Kheri halitajwi kabisa. Mpwa wangu, ambaye amesoma shule zote Mombasa, hakuwahi kulisikia. Mwongozaji wetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuongezea la kwao: Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, Mchaga wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo, ndiye anayekumbukwa kuwaonyesha njia. Alilisema jina lile kama mtu anayetaja babu yake.

Siku ya tano: Horombo hadi Kibo

Saa mbili asubuhi tulipita kijito cha mwisho. Baada ya hapo hakuna maji, na kibanda cha Kibo hakina kisima wala bomba, kwa hiyo wagumu walijaza madumu wakayabeba kichwani juu ya mizigo mingine. Maji ya chai yetu, ya supu yetu, ya kunawa kwetu, yote yalipanda kwa shingo za vijana. Mmoja wa kundi jingine alikuwa amevaa viatu vya ngozi vya mjini, vimefungwa kamba ya mpira kuzunguka nyayo. Kampuni iliyomleta sitaitaja, lakini yeyote anayelipia safari hii aulize mapema wagumu wake watavaa nini na watalala wapi. Ulizeni kwa jina la Mungu. Mpishi wetu alitafuta soksi nzito za akiba akampa yule kijana, na mambo yakaisha bila maneno.

Kati ya Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huu, na Kibo kuna uwanda mkubwa mkavu, hauna mti, hauna nyasi ya maana, upepo tu. Mawenzi, mita 5,149, ilikuwa kulia kwetu, imechongoka na kuchanikachanika. Wachaga husimulia kwamba Mawenzi moto wake ulizimika, akawa anakwenda kuomba kwa Kibo kila mara, mpaka Kibo akakasirika akampiga kwa mchi, ndiyo sababu ya mapengo yale. Mwongozaji alisimulia akitembea, kwa vipande vifupi, maana katika mita 4,400 hata yeye maneno anayahesabu.

Saa saba mchana theluji ilianza. Ilianza kwa punje ndogo ngumu, zikigonga kofia za majaketi, halafu zikalainika, zikawa vipande vipana visivyokuwa na sauti. Shoga yangu alivua glavu akapokea kiganjani. Vilikaa sekunde mbili, vikawa maji. Akapokea tena, na tena, akicheka, mpaka mwongozaji akamwambia avae glavu mara moja. Tulipofika Kibo, jengo la mawe kwenye mita 4,700 na kitu, njia tuliyokuja nayo ilikuwa imefutika.

Ndani kulikuwa na vitanda, meza moja, na harufu ya mafuta ya taa. Kipimo kilisema mimi 80, kakangu 81, mpwa wangu 74. Alikuwa na kichwa kinauma na supu imemshinda. Shoga yangu alimwuliza maswali polepole: unaona vizuri, unaweza kutembea mstari mnyoofu, unakohoa? Alimtembeza kisigino kwa kidole kutoka mlangoni hadi mezani. Alipita. Wakakubaliana na mwongozaji kwamba ataanza safari, lakini dalili moja ikiongezeka atashuka, na hakuna atakayejadili. Kakangu alitikisa kichwa kukubali kabla hajaulizwa.

Mwongozaji alitupa maagizo ya usiku. Chupa ya maji iwekwe kichwa chini, kwa sababu maji huanza kugandia juu, na ukiigeuza mdomo utabaki wazi. Betri na simu zilale ndani ya nguo, mwilini. Nguo za ndani zibadilishwe hata kama zinaonekana kavu. Tulisali magharibi na isha pamoja, kwa kupunguza, kwa tayamamu ya jiwe tulilolifuta theluji. Kibla tulikipata kwa urahisi. Makka iko kaskazini, karibu mstari ule ule tunaouelekea tukisali nyumbani Mombasa, na huku kaskazini ndiko Kenya iliko, gizani, chini ya mawingu.

Siku ya sita: usiku wa kilele

Saa sita ya usiku tulitoka. Theluji ilikuwa imekoma na anga yote imefunguka, nyota mpaka kwenye ukingo wa mlima. Baridi sikuwahi kuipata mfano. Iliingia puani ikakausha pumzi ndani kwa ndani, na kope za macho zilikuwa zikigandana nikifumba.

Mwongozaji alitangulia kuchimbua njia. Theluji ilimfika katikati ya muundi. Aliipiga kwa ncha ya buti mara mbili, akaweka mguu, akaujaribu, ndipo akahama. Sisi tulikanyaga shimo lile lile alilokanyaga yeye. Gamba la juu lilikuwa limegandishwa na upepo, linavunjika chini ya mguu kwa mlio mkavu kama tabaka la chumvi kwenye mashamba ya Gongoni, na chini yake unga laini unaoteleza. Alitufundisha pia namna ya kupumzika ndani ya kila hatua: goti la nyuma linyooke lijifunge, uzito wote ukae juu ya mfupa, pumua, halafu ndiyo mguu wa mbele uende. Ukifanya hivyo msuli haufanyi kazi isipokuwa kwa nukta moja tu. Ni mbinu ndogo, lakini ndiyo iliyonifikisha.

Mteremko ule siku za kawaida ni changarawe tupu, unapanda hatua mbili unarudi moja. Usiku ule changarawe ilikuwa imeganda chini ya theluji, meno ya minyororo yakashika. Kwa hilo theluji ilitusaidia. Pango la Hans Meyer, mita 5,150, tulilifikia saa tisa hivi. Tulikunywa chai ya tangawizi yenye sukari nyingi. Mpwa wangu alikunywa nusu kikombe. Kakangu alikuwa nyuma yake tangu mwanzo, mkono mmoja umeshika mkoba wa mtoto, hausukumi wala hauvuti, umeshika tu.

Baada ya pango njia inaanza kupinda kushoto na kulia, kushoto na kulia. Huko nilipoteza hesabu ya kila kitu. Nilikuwa nikisoma Ikhlas kwa kila kona. Alfajiri ilituingilia kwenye miamba, na mwongozaji, ambaye ni Mkristo, ndiye aliyesema, "Dada, kama mnasali, hapa pana upenyo hauna upepo." Tulisali kwa zamu, glavu mikononi, buti miguuni, tumekaa. Sijui kama nimewahi kusali na moyo ukiwa pale pale kiasi kile.

Gilman's Point, mita 5,685, ukingoni mwa shimo la Kibo, tulifika jua likichomoza nyuma ya Mawenzi. Mstari mwekundu, kisha wa dhahabu, kisha theluji yote kuzunguka ukingo ikawa rangi ya waridi kwa dakika chache. Mpwa wangu alikaa juu ya jiwe akatapika. Alipoinuka aliyumba, akashika hewa. Shoga yangu alimwuliza siku ya leo ni siku gani. Alifikiri muda mrefu mno.

"Anashuka," mwongozaji alisema.

Kakangu hakusema kitu. Alikwisha geuza mkoba wake kuelekea chini. Kutoka pale hadi Uhuru, kilele chenyewe, ni mwendo wa saa moja na nusu, na yeye alikuwa mzima kabisa, pengine mzima kuliko sisi sote. Mwongozaji msaidizi alimwambia, "Baba, mimi nitamshusha kijana, wewe endelea." Kakangu alimfunga mwanawe kamba za kofia, akasema, "Tulikuja pamoja." Kisha akaniambia, "Nenda ukatuonee, nawe." Wakashuka watatu. Niliwatazama mpaka kona ya pili. Shoga yangu alinishika mkono tukaendelea, na mimi nililia kidogo, machozi yakaganda kwenye skafu.

Njia ya ukingoni ilikuwa nyembamba, theluji imepangwa na upepo kwa matuta. Kulia shimo la volkano limejaa weupe. Kushoto, tulipopita Stella Point, mita 5,756, ilianza kuonekana barafu ya zamani: kuta za buluu hafifu, zimesimama wima, matabaka yanahesabika. Mwongozaji alinyoosha fimbo. "Ile inaitwa Rebmann." Nilisimama. Barafu ile, iliyo juu kabisa huku, imebeba jina la mtu aliyekaa Rabai.

Mwongozaji aliniambia mambo mawili ambayo nimeyathibitisha baadaye. Kwanza, kati ya 1912 na 2007 barafu ya mlima huu ilipungua kwa takriban asilimia 85. Yeye mwenyewe, tangu alipokuwa mgumu wa miaka ishirini na kitu, ameona ukuta aliokuwa akiugusa njiani ukisogea mbali mpaka haufikii tena. Pili, barafu hii haiyeyuki tu. Juu hapa hewa ni kavu mno, na jua kali huifanya ipotee hewani moja kwa moja bila kupitia maji. Theluji mpya ndiyo kinga yake. Ikiwa nyeupe na nzito hurudisha mwanga wa jua angani, na barafu iliyo chini hupumzika. Mwaka wenye theluji haba, jua huifikia barafu yenyewe. Kwa hiyo mtu wa Marangu anapoona Disemba nyeupe kama ile, hafurahi kwa ajili ya watalii. Mimi nami tangu siku ile vuli ikinyesha vizuri nyumbani huwaza kule.

Uhuru, mita 5,895, saa mbili na nusu asubuhi. Hewa ina nusu tu ya oksijeni ya Mombasa. Bango lilikuwa limevishwa theluji upande mmoja. Hapa juu Kibo, usiku wa tarehe 9 Disemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge wa uhuru wa Tanganyika, na nilipofikiria mtu akipanda na mwenge kwenye baridi ile, nilimheshimu upya. Shoga yangu alipima vidole vyetu: 71 na 69. "Picha moja, tushuke," akasema kwa sauti ya wodini. Tulipiga tatu. Ya tatu nilishika karatasi niliyoandika kwa kalamu nzito: BWANA KHERI, MOMBASA. Mwongozaji aliomba asimame nayo pia.

Kushuka, jua limepanda, theluji ikawa tope la juu na barafu chini. Magoti yaliumia kuliko usiku wote. Kibo tulimkuta mpwa wangu anakula uji, kichwa kimepoa kwa sababu ya kushuka tu, bila dawa nyingine. Alipoulizwa tena ni siku gani alijibu sawasawa. Kakangu alitazama picha moja moja, akairudia ile ya karatasi, akasema tuitume shuleni kwake alikosoma. Jioni tulilala Horombo.

Siku ya saba: Horombo hadi lango, na kurudi

Asubuhi wagumu walituimbia, nasi tukatoa bakhshishi mkononi mwa kila mmoja, siyo kwa mtu wa kati. Nashauri kila mtu afanye hivyo, huku kiasi kikitangazwa mbele ya wote. Yule kijana wa viatu vya mjini alipita na kundi lake akiwa bado na soksi za mpishi wetu.

Langoni tulipewa vyeti. Aliyefika Gilman's naye hupewa chake, na mpwa wangu alikipokea bila shangwe. Mvua ilikuwa ikinyesha Marangu kama tulivyoiacha. Taveta tulinunua mikungu miwili ya ndizi, kisha Voi tukasimama kula pilau, mikono yangu ikiwa imevimba na midomo imepasuka.

Kwa wenzangu wa pwani wanaouliza: nendeni siku sita mlimani, siyo tano. Chukueni mtu wa afya kama mnaye. Mkitaka theluji, nendeni mwishoni mwa vuli na mkodi meno ya buti na miwani ya jua ya giza, maana mwanga ule juu ya weupe huunguza macho kwa saa chache tu. Gharama kubwa ni vibanda, wagumu na waongozaji, siyo ada ya hifadhi, kwa hiyo kundi la watu sita au wanane litapunguza mzigo kwa kila mtu. Kakangu ameshaanza kukusanya majina ya Disemba ijayo pale bandarini, na jina la kwanza kwenye orodha, kabla hata la kwake, ni la mwanawe.